Kilian wa Katikati Agawa Mbalamwezi

Pasaka moja, Kilian akiwa bado hajaanza shule, wazazi wake walimsahau kanisani Mapera. Hawakufanya kwa ubaya. Misa ilikuwa ndefu, padri alikuwa mgeni, na padri mgeni huhubiri kama mtu anayeogopa kwamba hataalikwa tena. Watu walipotoka nje, kila mama alikuwa anaswaga watoto wake kama kuku mvua ikianza. Mama yake Kilian, Mama Tereza, akahesabu vichwa, akapata vitano, akaridhika, akashika njia ya nyumbani.

Nyama ya nguruwe ilikuwa imeshaanza kugawiwa ndipo baba yao akauliza, "Huyu naye ni nani?"

Kichwa cha tano kilikuwa Raimundi, mtoto wa jirani yao mzee Othmar. Alikuwa ameshapewa mnofu mzuri tu, anatafuna, wala hakuona sababu ya kujitambulisha.

Walimkuta Kilian kwenye ngazi za kanisa, macho makavu. Pembeni yake walikuwepo watoto wawili ambao hakuwajua, waliokuwa wakigombania muwa. Kilian alikuwa ameuvunja katikati, kila mmoja akapata nusu yake, wakanyamaza. Yeye mwenyewe alibaki ameshika hewa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kazi vizuri.

Ukweli ni kwamba katika watoto wale watano hapakuwa na mwingine wa kusahauliwa. Edmund alikuwa kifungua mimba, na huwezi kumsahau mtu anayekuamrisha. Tadea alikuwa ndiye aliyebeba kikapu. Joakim alikuwa analia, kama kawaida yake, na Glorious, kitinda mimba, alikuwa mgongoni kwa mama. Akabaki wa katikati, ambaye halii, haamrishi wala habebwi.

Wataalamu wa redioni hulibishania sana jambo hili. Wiki hii anakuja mmoja na kusema kwamba nafasi ya mtoto kwenye mstari wa kuzaliwa ndiyo inayomfinyanga tabia. Wiki ijayo anakuja mwenzake mwenye miwani minene zaidi na kusema takwimu hazionyeshi kitu. Mapera hawasubiri takwimu. Mtu akionyesha kiburi kwenye kikao cha chama cha ushirika wanasema, "Mwacheni, ndiye mkubwa kwao." Mtu akishindwa kufunga kamba za viatu vyake wanasema, "Wa mwisho yule," na maelezo yanaishia hapo.

Na kwa hao watoto wa Mama Tereza, lazima ikubalike, Mapera walikuwa na ushahidi. Mzee wao alipofariki, Edmund alivaa koti lake siku ya mazishi na hajalivua mpaka leo, hata jua la Oktoba linapochoma migomba. Glorious ameanza kusomea ususi, akaanza ualimu wa chekechea, akaanza mambo ya hoteli, na kila kozi imeishia pale sare iliposhonwa. Akiingia kwenye nyumba ya watu hutafuta kiti kizuri na kukaa, haulizi kina mwenyewe.

Kilian akawa mshenga. Hakusomea. Alianza kwa kupatanisha Edmund na Joakim, halafu majirani na nguruwe wao, halafu siku moja akatumwa kwenda kumposea mtu, akarudi na mke. Toka hapo hapakuwa na posa kati ya Mapera mlimani na ziwani ambayo hakutumwa. Alikuwa na kipaji cha ajabu: akikaa na upande wowote kwa muda wa kunywa chai, upande ule ulikuwa unaamini kwamba yeye ni wao. Ubaya ni kwamba na yeye alikuwa anaamini.

Upande mmoja tu ndio hakuujua, nao ni wake mwenyewe. Ukimuuliza anakula nini, anasema mnachokula ninyi. Dukani alikuwa ananunua shati ambalo limebaki.

Safari iliyomharibia utaratibu huo ilikuwa ya kumposea Raimundi. Ndiyo, Raimundi yuleyule wa nyama ya Pasaka. Wa katikati hana kinyongo. Binti alikuwa wa Ngumbo, kule ziwani, kwa Waanglikana, na mazungumzo yalifanyika uani, jirani na vichanja vya kuanikia usipa, wale samaki wadogo ambao wakikauka wananukia hadi kwenye ndoto. Binamu wa bibi harusi alikuwa anawageuza samaki wake. Aliitwa Ida. Aliponawa mikono alimletea mgeni ndoo ya maji yenye soda ndani.

"Karibu mshenga. Unakunywa soda gani?"

"Yoyote tu, dada."

"Yoyote hatuna. Tuna ya chungwa na nyeusi."

"Basi iliyo karibu."

"Zote ziko kwenye ndoo moja."

"Nipe ile ambayo wewe huipendi."

Ida akaiweka ndoo chini taratibu. "Kaa na kiu yako hapo. Siku ukijua unachotaka, niite."

Raimundi akapata mke. Kilian akarudi mlimani na kiu, na kiu ile ikakataa kuisha kwa maji.

Baada ya hapo akawa mpenzi mkubwa wa usipa. Kila alipopata nafasi alishuka Ngumbo kununua, akapanda nao Mapera, akawagawia watu, mpaka paka wa kijiji kizima wakawa wanamsindikiza njiani. Mwisho Ida mwenyewe alichoka.

"Kilian, usipa wote huu unakula na nani?"

"Aa, watu tu."

"Sema ulichokuja kusema."

"Nilikuwa nafikiri, kama itawezekana, na kama hapatakuwa na pingamizi, na kwa kuzingatia kwamba wewe nawe una mawazo yako..."

"Nimekubali. Tuma watu."

Kilian akashikilia nguzo ya kichanja.

"Ila nisikilize vizuri," Ida akasema. Alikuwa wa pili kuzaliwa kwao, nyuma ya kaka mwenye amri nyingi, na watu wa namna hiyo hujifunza mapema kusema jambo moja na kulisimamia. "Baba yangu alifanya kazi mgodini mbali huko, mama akabaki hapa. Walikuwa wanaonana Krismasi, wanasalimiana kama wajumbe wa mkutano. Mimi ndoa ya kupungiana mikono siitaki. Mlimani sawa, ziwani sawa. Ila tukae pamoja. Wakileta mengine, mimi nitasema hapana mbele yao wote, na mimi nikisema hapana huwa sirudi."

"Kuhusu hilo usiwe na wasiwasi," Kilian akasema, na alimaanisha.

Tatizo likawa moja: mshenga hawezi kujituma. Kwa desturi mwoaji hakai kwenye mazungumzo. Anasubiri nje, mbali kidogo, mpaka aitwe. Kilian alikuwa anamfikiria mzee Othmar, mtu mpole.

"Othmar?" Edmund akasema, akivuta kola ya koti. "Othmar ndiye mkubwa wa nyumba hii? Nitakwenda mimi."

"Kaka, nilidhani labda kwa vile una shughuli nyingi..."

"Nitakwenda mimi."

"Na mimi naenda," Glorious akasema bila kuinua macho kwenye simu. "Sijaoga ziwani tangu mwaka juzi."

Siku ilipofika walishuka. Lami ikawafikisha ilipowafikisha, vumbi likachukua kijiti, na Edmund akafika Ngumbo amekaa wima, koti limebadilika rangi, mapajani amepakata jembe jipya lililofungwa kanga. Lilikuwa ni zawadi ya desturi, ya kupigia hodi ukweni. Kilian alibaki ufukweni, akakaa juu ya mtumbwi uliofudikizwa, simu mkononi.

Haikupita muda ikaita.

"Kili! Huyu mtu ana dharau."

"Shikamoo kaka. Amefanya nini?"

"Kiti."

"Kiti gani?"

"Kuna kiti kimoja chenye mikono. Amekikalia yeye."

"Na wewe umekaa kipi?"

"Sijakaa. Mimi nimesimama."

Kabla hajajibu, simu nyingine ikaingia. Ilikuwa ya Aidan, kaka mkubwa wa Ida, kifungua mimba wa nyumba ile, mtu mwenye mitumbwi na sauti.

"Shemeji, kaka yako amesimama sebuleni kwangu kama mlingoti wa bendera. Mwambie akae, wazee wanashindwa kunywa chai."

"Shemeji, wewe ni mkubwa. Ukiinuka kidogo tu kama unamkaribisha, ataona heshima, atakaa."

Aidan akainuka. Edmund, alipoona mwenzake amesimama, akaona kukaa ni kushindwa, akazidi kusimama. Wakati wanaangaliana hivyo, Glorious akaingia kutoka ziwani na nywele zinazochuruzika maji, akakiona kile kiti chenye mikono kiko wazi, akakaa.

"Asanteni," akasema. "Hivi chai imebaki?"

Vifungua mimba wawili wakaketi kwenye benchi moja, ubavu kwa ubavu, kila mmoja akiangalia ukuta wake. Jembe likatolewa kwenye kanga.

"Mmetuletea kazi hata kabla ya habari za safari," Aidan akasema.

"Kwetu mwanamke anapokelewa shambani," Edmund akasema, na hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, maana kila mmoja alikuwa amekuja na neno moja la kusema na hakuwa na la pili. La Edmund lilikuwa kwamba Ida apande Mapera. Kuna ngoro za kuchimbwa, yale mashimo ya Wamatengo yanayopangwa mlimani kama sega la nyuki: wanaume wanafyeka na kulaza majani kwa miraba, wanawake wanayafukia kwa udongo, na bila mwanamke majani yanabaki majani. La Aidan lilikuwa kwamba Ida habanduki ziwani. Nani atasimamia usipa? Tena huyo mwoaji ndiye ashuke awatumikie wakwe zake kidogo, ashone nyavu, asimike vichanja, watu wamwone.

Wote wawili walitoka nje kupiga simu, mmoja kona hii ya nyumba, mwingine kona ile. Na wote walimpigia mtu yuleyule, kwa sababu katika kata zile zote mtu akikwama kwenye posa anampigia Kilian.

Hapa inabidi kumwelewa. Alikuwa amekaa juu ya mtumbwi, sauti mbili zenye hasira zinaingia sikioni kwa zamu, na kitu ndani yake kikaamka, kitu cha zamani kama ule muwa wa Pasaka. Akasahau kabisa kwamba posa ni yake. Akaanza kazi.

"Kaka Edmund, usipa hauvuliwi mbalamwezi ikiwaka, samaki hawaifuati taa. Siku hizo Ida hana kazi ziwani. Unaonaje akipanda Mapera mwezi ukiwaka, akachimba ngoro, na giza likianza akarudi?"

Edmund akafikiri. "Mwezi ukiwaka awe kwetu. Hilo sawa. Ila wewe giza usitoroke kumfuata. Kahawa itachumwa na nani?"

"Nitabaki kwenye kahawa, kaka."

Akageukia upande wa pili. "Shemeji Aidan, giza likiingia dada yako yuko hapa na usipa wake, hakuna wa kumgusa. Umeridhika?"

"Na huduma yangu je? Nyavu zinashonwa mwezi ukiwaka, mitumbwi ikiwa imepumzika."

"Basi mwezi ukiwaka nitashuka mimi."

"Wewe mtu wa haki, shemeji. Sijui huyu kaka yako kazaliwa na nani."

Edmund kapata alichotaka. Aidan kapata. Kilian akakata simu, akajipangusa paji, na akajisikia kama anavyojisikia siku zote baada ya kazi nzuri: mwepesi, na hana kitu mkononi. Vigelegele vilisikika ndani. Mtu akamwita aingie.

Sebuleni vifungua mimba walikuwa wameshikana mikono. Aidan akayatangaza makubaliano kwa sauti ya kusomea matangazo ya kanisani, na wazee wakaitikia. Kisha, kama ilivyo desturi, akaitwa Ida aulizwe kama anawafahamu wageni na kama anaridhia. Akatoka jikoni ameshika ndoo ya soda. Alikuwa ameyasikia yote dirishani.

"Wageni nawafahamu," akasema. "Nina swali kwa mshenga."

"Mshenga ni mimi," Edmund akasema.

"Kaka, shikamoo. Namuuliza aliyefanya kazi." Akamgeukia Kilian. "Mbalamwezi ikiwaka, mimi niko wapi?"

"Mapera," Kilian akajibu, bado ana furaha ya kazi.

"Na wewe?"

"Mimi nimeshuka hapa. Nashona nyavu."

"Giza likiingia?"

"Wewe umerudi hapa kwenye usipa, na mimi..." Akasita. "Mimi niko Mapera. Kwenye kahawa."

"Tutaonana wapi?"

Mzee mmoja wa Ngumbo akaanza kuhesabu vidoleni, akaacha.

"Stendi ya Mbinga, hapo njiani!" Glorious akasema kutoka kwenye kiti chenye mikono. "Mmoja anashuka, mwingine anapanda. Mnapungiana." Akacheka, akaona anacheka peke yake, akanywa chai.

"Lakini ni makubaliano ya haki," Edmund akasema.

"Ya haki kabisa," Aidan akasema, na lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana bila kupiga simu.

Kilian alikuwa amesimama katikati ya chumba, mdomo wazi. Alikuwa ameigawa mbalamwezi kama ule muwa. "Nadhani," akaanza, "tunaweza kurekebisha kidogo. Labda zile siku mwezi ukiwa nusu, kila upande ukilegeza..."

"Kilian."

Ida alimkatiza hapo.

"Mapera wana mtu wao hapa, kavaa koti. Ngumbo wana mtu wao. Wewe mtu wako ni nani?"

Wanasema aligeuka kuangalia nyuma yake. Glorious ndiye anayesimulia hivyo, na Glorious anapenda chumvi, lakini Ida naye hajakanusha.

Ida akaweka ndoo mbele ya miguu yake. "Nilikwambia, mlimani sawa, ziwani sawa. Mimi sichagui tena, nimeshachagua langu. Sasa nakuuliza mbele yao. Tunakaa wapi?"

"Pote ni..."

"Pote hatuna."

Soda moja ikagongana na nyingine ndani ya maji. Kilian akamwangalia Edmund, ambaye uso wake ulikuwa unasema Mapera. Akamwangalia Aidan, ambaye wake ulikuwa unasema Ngumbo lakini kwa masharti. Akatafuta uso wa tatu wa kuutazama ili ajue aseme nini, hakuupata, maana Ida alikuwa ameinamisha macho kwenye ndoo makusudi. Jasho likamtoka, mtu mzima aliyewaoza nusu ya tarafa.

"Hapa," akasema.

"Sijasikia," Aidan akasema.

"Hapa Ngumbo. Mbalamwezi na giza. Sitaki kupanda na kushuka." Akameza mate. "Na nyavu, shemeji, nitashona nikijisikia. Sikuja kuajiriwa. Namtaka Ida."

Aidan akafungua mdomo kujibu habari ya nyavu, Ida akamwangalia, akaufunga.

Edmund akainuka kwenye benchi. "Na kahawa?"

"Kaka, wewe ndiye mkubwa."

Hilo lilimpata. Miaka yote alikuwa anaikumbusha dunia kwamba yeye ndiye mkubwa, na hapakuwa na mtu aliyewahi kumkubalia kwa namna ya kumwachia kazi. "Na ngoro? Nani atachimba?"

Watu wa Mapera, ambao kwa wakati ule walikuwa wawili tu, wakaangaliana. Glorious akajikunyata kwenye kiti.

"Mimi sina hata gambuti," akasema.

"Na mama?" Edmund akauliza, kwa sauti ndogo zaidi, maana hili alikuwa halisemi kama amri. "Mama utamwambia nini?"

Kilian hakuwa na hasira na mama yake, hajawahi kuwa nayo.

"Mama ana watoto watano," akasema. "Mmoja atakuwa anaishi Ngumbo. Nitampigia mwenyewe. Akitaka kuja kunihesabu, njia ipo."

Edmund akabaki amesimama, mkono kwenye kola ya marehemu, akitafuta la kuamrisha, na kwa mara ya kwanza hakulipata. Mzee aliyekuwa akihesabu vidoleni akauliza kama sasa wapige vigelegele vingine au vile vya mwanzo vinatosha. Wakapiga vingine.

Ida alikuwa bado amesimama na ndoo yake. "Unakunywa soda gani?" akauliza.

Kilian akainama, akatumbukiza mkono ndani ya maji, akaichukua ya chungwa. Kisha akasogeza jembe pembeni na kukaa kwenye benchi, mahali alipokuwa amekaa Edmund, na hakumuuliza mtu.